Nilinunua Msonobari, Mama Akaniambia ni Mvinje

Mama alishuka basi la usiku kutoka Kilifi mwezi wa Agosti 2015, akafika kwangu Uthiru, Nairobi, amejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi. Kabla sijamwekea chai akatoka nje kuutazama mti niliokuwa nikimsimulia kwa simu mwaka mzima. Nikamfuata na kikombe mkononi. Akauzunguka mara moja, akashika kijani kimoja chembamba kilichoning'inia, akakivuta kwa kucha mbili. Kikaachana, palepale penye kipingili. Akavuta tena chini yake, kikaachana tena.

"Mwanangu, huu ni mvinje."

Nikamwambia, "Hapana Mama, ni msonobari. Ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia."

"Aliyekuuzia hakukulia pwani. Sisi tukiwa watoto tulikuwa tukivunja pingili kama hivi, tunairudishia mahali pake, halafu mwenzio akisie pamevunjwa wapi. Tazama." Akakirudishia kile kipande, akanipa. Niligeuza kile kijani mara tatu nisione alipokivunja.

Nilisimama pale chai ikipoa. Mti ule nilikuwa nimeumwagilia maji ya kununua, kwa madumu, kiangazi chote cha mwanzo wa mwaka, nikiamini ninalea mti wa nyumbani kwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa Kinale, kule Lari, Kiambu. Mara ya kwanza aliponipeleka kwao ilikuwa Desemba 2005. Tulishuka matatu barabarani kukiwa na ukungu mzito, hatuoni hata mita ishirini mbele, tukaingia njia ya miguu inayopita katikati ya misonobari. Hakukuwa na mvua, lakini chini ya ile miti kulikuwa kunanyesha. Sindano zake ndefu zilikuwa zimening'inia kama nywele zilizotoka kuoshwa, na kila ncha ilikuwa na tone la maji lililokusanywa kutoka kwenye ukungu. Tone likianguka, jingine linaanza kujijaza. Akaniambia, "Huku kwetu miti hunyesha yenyewe." Mimi niliyezaliwa kwenye jua la Kilifi sikuwa nimeona jambo kama lile. Alipofariki mwaka 2012, kitu cha kwanza nilichokitaka uani kwangu, baada ya kupata nguvu ya kutaka kitu chochote, kilikuwa mti ule.

Ndiyo maana masika ya 2014 nilienda kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikaomba paini ile ya majani ya kuning'inia. Kijana aliyekuwepo akanionyesha mti wa futi tatu kwenye mfuko mweusi. Majani yalikuwa membamba, yamelegea, yanayumba na kila gari linalopita. Nikalipa shilingi 600 bila kuuliza zaidi. Simlaumu sana. Naamini naye alipewa mti na jina pamoja.

Sasa nataka kueleza vizuri nilichojifunza baada ya siku ile, kwa sababu nimekutana na watu wengi Nairobi waliouziwa kama mimi.

Mvinje na msonobari hufanana kwa mbali tu. Kile unachodhani ni jani la mvinje ni kijitawi cha kijani chenye pingili nyingi, na majani yenyewe ni vimeno vidogo mno vilivyozunguka kila kiungo, kama taji. Kwa macho ya kawaida utaona mstari tu, lakini ukiweka kioo cha kukuza utaviona, 7 au 8 hivi kwa mvinje wa pwani. Matunda yake ni vitufe vidogo vigumu, kama nanasi la kuchezea, vinaenea kwenye kidole gumba. Na ingawa una sura ya jamii ya misonobari, mvinje haumo katika ukoo huo kabisa. Ni mti wa maua, kama mwembe au mkorosho. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaounasa naitrojeni, ndiyo maana unamea hata pasipo na udongo wa maana. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kuotesha miti kwenye machimbo matupu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1971, ambako kulikuwa na jiwe la matumbawe na jua tu, mvinje ulikuwa miongoni mwa ile michache iliyokubali kuishi, na majongoo ndio waliousagia majani makavu yakawa udongo. Mama anaujua mvinje kwa nguzo. Kijijini kwetu watu huupanda kama benki: akiba ya kujengea au kumlipia mtoto karo. Huku bara kuna ndugu yake mwingine kutoka Australia, mwenye vijitawi vyembamba zaidi, anayependa kingo za mito, na nashuku huo ndio nilionao mimi.

Msonobari una sindano za kweli, na sindano hizo hukaa kwa mafungu. Hapo ndipo penye siri yote. Chukua fungu moja, livute taratibu kutoka kwenye tawi. Litatoka na kifuko chembamba cha rangi ya kahawia kwenye shina lake, kama karatasi iliyozungushiwa. Hesabu sindano zilizomo. Usihesabu fungu moja ukatosheka. Hesabu kumi, kutoka matawi tofauti, kwa sababu mti mmoja unaweza kukupa tatu hapa na nne pale.

Mume wangu hakuwahi kuniambia jina la msonobari wao, wala sidhani alilijua. Kwao uliitwa paini, basi. Kwa hiyo Oktoba ya mwaka ule ule wa 2015 nilimpigia simu mama mkwe, nikamwomba anitumie tawi moja lenye koni, yale matunda magumu ya magamba. Alilifunga kwenye gunia la viazi, akalipakia kwenye matatu. Nililitandaza juu ya meza ya jikoni, nikakaa nalo jioni nzima na rula ya shule ya binti yangu.

Sindano: tatu kwa fungu, mara chache nne. Urefu: nyingi zilifika sentimita 20. Laini, kijani iliyokolea manjano kidogo, zimelegea upande huu na upande huu. Koni: ngumu kama jiwe, zimepinda, hazina kikonyo cha kuonekana, zimekumbatia tawi tatu kwa pamoja, na zote zimefunga. Gome la tawi: jekundu la kutu, linabanduka vipande vyembamba kama karatasi ya kitunguu. Huo ni *Pinus patula*, msonobari wa milima ya Meksiko, uliopewa jina hilo la kisayansi mwaka 1831. Ndio uliopandwa kwa wingi kwenye mashamba ya serikali ya miti ya mbao katika nyanda za juu za Kenya, bega kwa bega na saipresi, ambayo nayo asili yake ni huko huko Meksiko na nchi za jirani. Saipresi ndiyo tunayoikata kila Desemba tukaiita mti wa Krismasi.

Nilipoanza kutafuta picha kwenye intaneti nikachanganyikiwa tena. Picha zilionyesha miti mifupi iliyojikunja mpaka chini, matawi yamelala ardhini kama pazia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ni miti ya aina nyingine, hasa msonobari mweupe wa Amerika ya Kaskazini wenye sindano tano kwa fungu, iliyochaguliwa na kuunganishwa na watu wa bustani wa nchi zenye theluji. Kule kinachoning'inia ni tawi. Kwenye msonobari wa Kinale kinachoning'inia ni jani: matawi yake yananyooka kando, ncha zikitazama juu kidogo, na ni sindano peke yake zinazomwagika kuelekea chini. Tangu nilipoliona hilo, nikiwa kwenye matatu nauona mti kwa dirisha, swali langu la kwanza ni lile lile. Nini kinaning'inia, jani au tawi?

Nilienda pia kwenye Arboretamu ya Nairobi, ile bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 na afisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe, akijaribu miti ya kigeni ili kujua ipi ingekua haraka, maana treni za wakati ule zilichoma kuni na misitu ya asili ilikuwa inaliwa. Nilikwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka minane, tukiwa na bahasha za kaki na kalamu. Sheria yetu ilikuwa kuokota tu kilichoanguka, hatuchumi. Chini ya kila msonobari tuliokota mafungu, tukaandika juu ya bahasha mahali tulipoyaokota. Baadhi ya miti ina vibao vya majina, na vile vibao vilitusahihisha mara mbili. Tumbili mmoja alitunyang'anya bahasha iliyokuwa na sindano, akaichana, akaona haina chakula, akaitupa. Binti yangu alizikusanya upya moja moja kutoka kwenye nyasi.

Siku ile ndipo nilipopata kuutofautisha msonobari wa Kinale na mwingine uitwao radiata, ambao pia una sindano tatu. Radiata una kijani cheusi chenye kung'aa, sindano fupi zaidi, sentimita 10 hadi 15, na hazimwagiki. Zamani nao ulipandwa sana Kenya, mpaka wakaja kuvu wanaochora pete nyekundu kwenye sindano kisha kuzikausha, na katika miaka ya 1960 watu wa misitu wakaacha kuupanda. Yaani anayekuuzia radiata leo ukaupanda penye ukungu na unyevu anakuuzia mgonjwa. Msonobari wa Himalaya nao una sindano ndefu za kuning'inia, mtu anaweza kudanganyika kabisa, lakini ukihesabu utapata tano, na koni yake ni ndefu kama ndizi mbivu.

Kuna jambo moja ambalo lingenisaidia sana mwaka 2014. Mche mchanga wa msonobari hauna mafungu. Majani yake ya kwanza hutoka moja moja, mafupi, ya kijani-buluu, na mafungu ya tatu tatu huja miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo ukiukuta kitaluni ukiwa na kimo cha kiganja, kuhesabu hakutakusaidia. Basi kivute kijani kimoja. Kikiachana kwenye viungo kama mnyororo, rudisha pesa zako mfukoni.

Niliamua kuotesha mwenyewe kwa mbegu. Nikaenda Kinale mwishoni mwa mwaka 2016, mama mkwe akanipeleka kule alikolima viazi enzi za ujana wake. Watu wa pale walikuwa wakipewa vipande vya msitu uliovunwa, wanalima katikati ya miche kwa miaka michache, wanaipalilia miche wakipalilia viazi, na miti ikifunga kivuli wanahama. Kwa hiyo alijua umri wa kila kipande kwa hesabu ya watoto wake. "Hawa," akasema, akigonga shina kubwa kwa bakora, "ni wa umri wa mume wako." Sikuweza kumjibu. Niliweka mkono kwenye gome nikanyamaza mpaka alipoanza kutembea tena.

Tuliokota koni zilizoangushwa na upepo pamoja na matawi yake. Nyumbani nilizisubiri zifunguke juani, wiki mbili, wapi. Msonobari huu hushikilia koni zake miaka bila kuzifungua, ukingoja joto kali, kama la moto wa msitu, ndipo uachie mbegu. Mama mkwe aliniambia niziweke karibu na jiko. Nikawasha makaa, nikaziweka kwenye sinia kando ya jiko, sio juu yake, nikaendelea kusonga ugali. Baada ya muda nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Kisha mwingine. Magamba yalikuwa yakiachana mbele ya macho yangu, yakiinuka mstari kwa mstari, na ndani ya kila gamba mbegu mbili nyeusi ndogo, kila moja na ubawa mwepesi wa rangi ya chai. Nilipoinamisha sinia zikazunguka hewani kabla ya kutua. Binti yangu alizirusha kutoka juu ya kiti mpaka usiku.

Jaribio la kwanza, Januari 2017, lilikufa karibu lote. Nilitumia udongo mwekundu wa shambani pamoja na samadi iliyooza vizuri, kama nifanyavyo kwa sukuma na nyanya, nikamwagilia asubuhi na jioni. Mbegu zilichipua baada ya wiki mbili na nusu, zikatoa majani yaliyotawanyika kama vijiti vya mwavuli, si mawili mawili kama maharagwe. Nilifurahi sana. Siku nne baadaye mingi ilikuwa imelala, shingo imekuwa nyembamba na kahawia pale inapogusana na udongo. Ni maradhi ya kuvu wanaopenda udongo mzito uliolowa na mbolea nyingi. Michache iliyosalia iligeuka manjano, ikabaki na kimo kile kile miezi mitatu, haikui wala haifi.

Nikampigia mama mkwe. Akauliza, "Udongo umetoa wapi?" Nikamwambia wa huku kwangu, mzuri, mwekundu. "Miti hiyo haishiki bila udongo wa kwao," akasema. Wiki ile akanitumia ndoo ya rangi, ya lita 20, imejaa udongo mweusi aliouchota chini ya misonobari, pamoja na majani yaliyooza nusu.

Nimekuja kulielewa jambo hili kwa undani na naliona la ajabu hadi leo. Msonobari hauli peke yake. Mizizi yake hufungamana na kuvu wa udongoni, kuvu wakiutafutia maji na fosforasi mahali ambapo mzizi haufiki, nao mti ukiwalipa kwa sukari unayotengeneza juani. Lakini misonobari si ya kwetu. Afrika ina ya asili huko kaskazini tu, Moroko na Aljeria na majirani zao, na duniani kote ni aina moja tu, ya Sumatra, inayovuka ikweta kwenda kusini kwa asili yake, tena kidogo tu. Nairobi iko kusini mwa ikweta. Udongo wa Uthiru haujawahi kuishi na msonobari, kwa hiyo hauna wale kuvu. Mche unamea katikati ya chakula ukifa njaa. Mama mkwe hajui neno kuvu wa mizizi wala halihitaji. Aliijua ile ndoo.

Mara ya pili, Agosti 2017, niliotesha kwenye mchanga wa mto uliooshwa, bila samadi hata chembe. Miche ilipofika inchi moja na nusu nikaihamishia kwenye pakiti za maziwa nilizozitoboa chini, nikijaza udongo mwekundu sehemu tatu na ule wa ndoo sehemu moja. Nikamwagilia asubuhi tu, na siku ya baridi nikaacha kabisa. Miezi miwili baadaye niliipasua pakiti moja ili nione. Mizizi ilikuwa imevaa nyuzi nyeupe nyembamba kama pamba iliyochambuliwa, na ncha za vijizizi zimegawanyika mbili mbili kama pembe za dikdiki. Juu, majani yalikuwa ya kijani safi. Nilimpigia mama mkwe nikamweleza, akasema tu, "Nilikuambia," kwa furaha.

Nilipata miche kumi na mmoja. Aprili 2018, mvua ikiwa imeshika kweli kweli, nikapanda mmoja kwangu, mwingine nikampa kaka yangu anayeishi Utawala, iliyobaki nikagawa kwa majirani na jamaa. Yule wa Utawala alikufa mwezi uliofuata. Kule ni udongo mweusi wa pamba, ukinyeshewa unakuwa uji na maji hayana pa kwenda, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua za masika yale zilikuwa nyingi kupita kiasi, na mizizi ilikaa majini wiki tatu. Kaka alijaribu tena juu ya tuta la udongo mwekundu alioununua kwa lori, ukaishi mpaka kiangazi, ukafa nao. Hapo nikamwambia, kaka yangu, panda mvinje. Na ni ushauri wa dhati. Mvinje wake sasa umepita ukuta.

Mahali pa kuupanda ndipo penye kosa ambalo huwezi kulirudia. Mti huu ukiwa mche wa futi mbili ni mrembo hadi unatamani uuweke mbele ya dirisha. Kinale upo unaopita mita 30. Ploti ya hamsini kwa mia haiuwezi, nasema bila kuficha. Mimi nina robo ekari ya familia, nikaupanda kona ya chini, mita 12 kutoka kwenye nyumba, mbali na waya za stima na mbali na choo. Hata hivyo upepo wa Julai huleta sindano mpaka kwenye paa, zinaziba mabomba yanayopeleka maji ya mvua kwenye tangi, na kila miezi miwili mtu lazima apande ngazi. Sindano kavu hizo zina ulimbo, hushika moto kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo hatuchomi taka upande ule wa ua. Ninazikusanya na kuzitandaza chini ya stroberi, zinazuia magugu vizuri sana.

Mwaka 2020, kwenye jua la Februari, niliona vitone vyeupe kwenye shina la mafungu, kama mtu amepachika pamba. Nikadhani ni ukungu. Nilipokwangua kwa kucha nikaona vidudu vidogo vya kahawia ndani, vikifyonza. Mdudu huyu aliingia Kenya mwaka 1968 pamoja na vijiti vya kupandikiza vilivyoletwa kutoka Australia, akaonekana Muguga, ambako ni mwendo mfupi tu kutoka kwangu. Hushambulia zaidi mti wenye kiu. Nikaanza kuumwagilia madumu mawili kila Jumamosi, polepole, nikitandaza sindano kavu juu ya mizizi, na kupiga matawi kwa maji ya bomba yenye nguvu yaliyochanganywa na sabuni ya kipande kidogo. Mvua za Machi zilimalizia kazi. Zile ncha tatu zilizokuwa zimepinda sikuzikata, na mbili zilinyooka zenyewe.

Kuhusu kukata nina uchungu. Nilisafiri wiki mbili kumuuguza Mama, nikamwachia fundi wa bustani kazi ya kupunguza ua. Alikuwa amezoea migrivea, ambayo unaikata mpaka inabaki mti mtupu kama nguzo na baada ya miezi inajaa majani tena. Akaufanyia msonobari vivyo hivyo upande wa barabara, akaacha vigutu sita visivyo na sindano hata moja. Nilivisubiri miaka miwili. Havikuchipua. Msonobari hauna macho ya kuchipua yaliyolala kwenye mti mkavu kama mgrivea. Kijiti kisicho na sindano zilizo hai kimekwisha. Yule fundi hakukusudia mabaya, na tangu hapo kabla mtu hajashika msumeno nasimama naye, namwonyesha kwa kidole mahali pa kuishia. Upande ule una pengo hadi leo, na sindano za tawi la juu zimeanza kulifunika taratibu.

Mama alikuja tena mwaka huu, safari hii kwa treni, akiwa na fimbo. Mti una miaka saba tangu uingie ardhini, mita tisa hivi kwa kukadiria na kivuli. Gome limeanza kuwa jekundu kule juu na kujikunja vipande vipande, na huku chini linageuka kijivu lenye mifereji. Mvinje nao tuliuacha pale pale ulipo, upande wa pili wa ua. Asubuhi alitoa kiti akakiweka katikati ya miti hiyo miwili, akaketi amefumba macho upepo ukipita. Mvinje una sauti nyembamba, kama mtu anapiga mbinja kwa mbali, ndiyo sauti aliyolalia utotoni. Msonobari una sauti nene zaidi, kama bahari wakati maji yanakupwa. Aliniita niketi nisikilize, akaninyooshea kidole huu, kisha huu.

Binti yangu, ambaye sasa amemaliza kidato cha nne, alikuwa juu ya ngazi akisafisha mabomba ya paa. Akaita kwamba ameona kitu kwenye tawi la pengoni. Tulipandisha macho sote. Zilikuwa koni tatu, zimekumbatia tawi, kijani bado, kila moja ndogo kuliko kidole changu. Mama akauliza zitafunguka lini. Nikamwambia zenyewe hazitafunguka leo wala mwakani, mpaka tuziwashie jiko.

"Basi tumpelekee mama mkwe wako moja," akasema, "aione."